Ini Dhaifu Kuliko Yote

Wiki ya choma ikianza hapa Ilundo, hata mbwa hunenepa. Kila ua una jiko la mkaa, kila jiko lina nyama, na nyama haiondolewi motoni mpaka kingo ziungue ziwe nyeusi ti. Pembeni kuna kabichi, sinia kwa sinia. Mgeni angedhani kijiji kizima kinaoa. Wenyewe tunajua tunachokula na kwa nini: moshi wa nyama iliyoungua na maji ya kabichi huliamsha ini, na sisi tunataka maini yetu yaonekane na nguvu siku serikali ikija kuyapima.

Nasema "sisi" kwa mazoea tu. Mimi, Subilaga, ndiye mpimaji wa bonde hili, na mwaka huu sikuonja hata mfupa.

Sababu yake ililetwa mlangoni kwangu mwishoni mwa mvua za vuli. Mdogo wangu Bupe aliingia bila hodi, amembeba mgongoni binti yake Tusekile, mtoto wa miaka minane ambaye alikuwa amekwisha kupita umri wa kubebwa. Miguu ilikuwa inaning'inia karibu iguse chini.

"Ameanguka tena, dada. Darasani, mbele ya wenzake. Amejing'ata ulimi."

Nilimlaza kitandani. Alikuwa na usingizi ule mzito unaofuata kifafa, na sketi ya shule imelowa.

"Dawa anakunywa?"

"Namsimamia mwenyewe. Asubuhi na jioni."

Nikamchoma kidole, nikaweka tone kwenye kipimo. Dawa aliyoimeza alfajiri haikuwamo tena. Ilikuwa haijafika hata saa nne, na damu ya mtoto ilikuwa safi kama ya mtu asiyewahi kuona kidonge.

"Basi mwongezee," Bupe alisema. "Mpe viwili. Mpe vitatu."

"Nikimwongezea nitamuua kwa njia nyingine."

"Si mlisema Ngao itamlinda?"

Tulisema. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema, na nilikuwa nikiamini. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, kwa sababu mtu haambiwi jambo kama hili akiwa amesimama.

"Sikiliza. Ini halisomi maandishi ya kwenye chupa. Halijui hii ni dawa ya mtoto na hii ni sumu ya shambani. Linajua kitu kimoja tu: huyu ni mgeni. Mgeni akiingia, kuna vimeng'enya vya zamu ya kwanza vinamkatakata. Halafu kuna vya zamu ya pili vinachukua vile vipande na kuvifungia mzigo unaoyeyuka kwenye maji, vitoke na mkojo. Kwa mtu wa kawaida vimeng'enya hivi havifanyi kazi kwa nguvu kutwa nzima. Ndani ya ini kuna kitambuzi. Sumu ikizidi, kinaishika, kinatoa amri vimeng'enya vitengenezwe zaidi. Sumu ikipungua, amri inafutwa."

"Na sisi?"

"Sisi amri yetu haifutwi. Ngao ndiyo hiyo. Ini la mwanao linafagia mchana na usiku, hata kama nyumba ni safi. Kidonge kinaingia, kinafagiliwa. Nikiongeza vidonge, zamu ya kwanza itavikata vyote upesi, lakini zamu ya pili haitaweza kufunga kwa kasi hiyo. Vipande vitarundikana. Na vipande vingine vya dawa hii ni vikali kuliko dawa yenyewe."

Bupe alimtazama mwanawe muda mrefu. Yeye si mtu wa kulia. Alipangusa udenda shavuni kwa mtoto kwa kona ya khanga, akasema, "Basi mpunguzie hiyo Ngao."

Nilijua atasema hivyo. Nilikuwa nimeogopa kulisikia neno hilo tangu mtoto aanguke mara ya kwanza.

*

Mtu wa nje huuliza kwa nini tulikubali kuchanjwa kitu kama hicho. Hao ni watu wa kununua viazi sokoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na walio mbali hawakuuona mwaka wa ukungu mweusi, shamba linalala kijani linaamka limeoza, harufu yake inaingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Hakuna dawa ya zamani iliyouweza ukungu ule. Ile mpya iliyouweza iliwatapisha watu damu. Ikabidi lichaguliwe moja: tubadili dawa, au tubadili watu. Dawa ya tatu haikuwapo. Wakabadilisha watu.

Ili ionekane kuna haki, ikatungwa sheria. Kiasi cha dawa ya ukungu ambacho droni zinaruhusiwa kupulizia bondeni kinawekwa na ini dhaifu kuliko yote lililopimwa siku ya kipimo. Mtu mmoja akionekana dhaifu, bonde zima linateremka kwake. Tena ni marufuku kumhamisha mtu kwa sababu ya ini lake. Waliotunga sheria hiyo walipongezana sana huko mjini. Kwenye karatasi inapendeza. Hawakuwaza kwamba wameufanya udhaifu wa mtoto mmoja kuwa njaa ya jirani yake, halafu wakawaacha waishi pamoja.

Ngao inapunguzwa kwa sindano tunayoiita ufunguo. Inafanya kazi polepole, majuma kadhaa, na haijawahi kutumika kwa mtoto. Kwa hiyo nilijidunga mimi kwanza. Sikutaka kumtia Tusekile kitu nisichokijua ladha yake.

Nilikijua. Kidonge kimoja cha kichwa kilinilaza kutwa. Kikombe cha kahawa cha asubuhi kilinifanya nihesabu mapigo ya moyo hadi taa zinawashwa. Droni zilipopita juu ya mteremko, macho yalinitiririka na midomo ikafa ganzi, nikajifungia ndani na kitambaa kibichi usoni kama mwizi anayejificha. Lakini sikufa, na ini langu halikuharibika. Ndipo nikamdunga mtoto.

Bupe alimweka ndani. Tuliziba madirisha kwa mablanketi yaliyoloweshwa, tukamtafutia kinyago. Na kidonge kikakaa mwilini. Asubuhi kilikuwapo, jioni kilikuwapo. Tusekile hakuanguka tena. Alijifunza kuruka kamba sebuleni mpaka jirani wa ukuta wa pili akalalamika, na Bupe akamjibu kwa sauti ya juu kabisa kwamba mtoto akiruka ni mzima. Sikuwa nimemsikia akiongea hivyo tangu mumewe afariki.

"Lakini nyama ya kuchoma hapana," nilimwambia. "Wala kabichi. Wiki ya choma ikifika, mpe ugali na maharage tu. Nyama ya kuungua itaamsha kile kile tulichokilaza, na dawa itafagiliwa."

"Na siku ya kipimo?"

"Siku ya kipimo ataonekana dhaifu. Kikomo kitashuka. Ndivyo sheria inavyotaka."

"Watu watatuchukia, dada."

"Watatuchukia," nilisema. "Lakini dawa ya droni itapungua, naye atatoka nje."

Akaahidi. Alinishika mikono yote miwili, akaahidi.

*

Mwenyekiti wa bonde, Mzee Ambakisye, alikuja nikiwa nasafisha vikombe vya kipimo. Ni ndugu wa marehemu baba yangu. Alikaa, akakubali maji, akanitazama macho yangu yaliyovimba.

"Na wewe pia," alisema.

"Na mimi pia, baba mdogo."

"Mpimaji hapimwi, ila akitaka mwenyewe. Sheria inasema hivyo. Kwa hiyo wewe hunisumbui. Anayenisumbua ni mjukuu wangu."

"Sheria imekukataza kumgusa."

"Nani amesema namgusa?" Alizungusha kikombe cha maji mkononi. "Mwaka wa ukungu nilizika watoto wawili, Subilaga. Wewe ulikuwa shuleni, ulikuwa unakula bwenini. Mdogo alikuwa ananiomba kiazi, mimi namwambia kesho. Nilimwambia kesho mpaka siku ile. Sasa unataka nirudi kule kwa ajili ya mtoto mmoja anayeanguka?"

"Anaanguka mara nyingi. Siku moja hataamka."

"Najua. Na wale wawili hawakuamka." Aliinuka kwa shida, goti likalia. "Mimi sifukuzi mtu. Lakini watu wana macho, wameona mtoto hatoki nje. Wanamwonea huruma. Watamsaidia wanavyojua."

Nilitaka kumchukia siku ile. Ningepumzika. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi, kweli, nilikuwa nimekula bwenini.

*

Siku ya kipimo mkaguzi alikuja na hema lake la buluu, akalisimika uwanja wa mpira. Aliitwa Chidawali, mtu mwembamba mwenye mafua ya kudumu, aliyejaribu sana asivute hewa yetu. Utaratibu haubadiliki. Unakunywa kahawa chungu iliyotiwa alama isiyoonekana, unakaa kwenye nyasi kwa muda wa chungu cha maharage kuiva, kisha unapuliza kwenye mrija. Ini lenye nguvu huwa limeshaivunja kahawa, na alama hutoka na pumzi. Ini dhaifu huwa bado linahangaika nayo. Mashine haijui kupendelea. Inawasha kijani au nyekundu na kutoa namba, basi.

Watu walikunywa kwa familia, wakicheka, wameshiba. Meno yalikuwa na weusi wa mkaa. Bupe alikuja na Tusekile akiwa amevaa gauni la Krismasi. Mtoto alikunja uso kwa uchungu wa kahawa lakini akamaliza, akanionyesha kikombe kitupu. Bupe hakunitazama.

Nilipomshika mtoto mabega kumsogeza kwenye mrija, niliinama karibu na nywele zake. Zilinuka mafuta yaliyodondokea moto.

Akapuliza. Taa ikawaka kijani.

Vigelegele vilianza nyuma yangu na kwenda mpaka barabarani. Wanawake walimkumbatia Bupe. Mtu alimrusha Tusekile juu, akamdaka. Mzee Ambakisye alivua kofia, akajipangusa kichwa, na nadhani alikuwa anamshukuru Mungu. Mimi peke yangu nilikuwa naitazama namba ile na kuisoma ilivyo: dawa ya mtoto imeshafagiliwa.

"Bwana mkaguzi," nilisema. "Kipimo hiki kirudiwe. Mtoto huyu amelishwa choma. Baada ya wiki moja ini lake litashuka, na ninyi mtakuwa mmeshaweka kikomo cha mwaka mzima."

Kelele zikapungua. Chidawali akapenga kamasi.

"Bibi, hapa nimenusa choma tangu nilipovuka daraja. Nikirudia kwa mmoja nitarudia kwa wote. Sheria inasema siku ya kipimo. Haisemi siku nyingine." Akamgeukia Bupe. "Mama wa mtoto ni wewe? Amelishwa kitu?"

Bupe alikuwa na mikono ya majirani mabegani, mmoja huku, mmoja huku. Alitazama nyasi.

"Hajala choma," alisema. "Dada yangu ana wasiwasi tu."

Nimeishi na Bupe tangu anatambaa, nimempiga kwa uongo wake wa utotoni na kumtetea kwa mwingine, lakini ule ulinipita mwilini ukaniacha baridi.

Tusekile hakungoja tumalize. Alikuwa amesimama pale katikati, anacheza na kikombe, mara kikombe kikaanguka na yeye akafuata. Nilimlaza ubavu, nikamwekea khanga chini ya kichwa, nikashika taya. Mwili mdogo ulikuwa unapiga ardhi, nao wakiwa wamesimama kuuzunguka, watu wazima kwa mamia, wenye maini ya ajabu. Degedege ile ilichukua muda mrefu kuliko zote nilizowahi kuziona.

Kulipotulia, alifumbua jicho moja. Damu ilikuwa kwenye meno.

"Mama mkubwa," alisema, ulimi mzito. "Nimefaulu?"

"Umefaulu, mwanangu."

Akatabasamu, akalala.

Nilibaki nimepiga magoti. Nikawaza viazi vilivyokuwa mteremkoni vimetoa maua meupe. Nikawaza wale watoto wawili wa Mzee Ambakisye, ambao nakumbuka majina yao. Niliwaza yote, asije mtu akasema sikuwaza. Kisha nikainuka, nikaenda kwenye birika, nikajimiminia kikombe.

"Mimi ni mkazi wa bonde hili," nilimwambia mkaguzi. "Nimetaka mwenyewe. Nipime."

"Subilaga," Mzee Ambakisye alisema taratibu. "Binti yangu, kaa chini."

Nikanywa mpaka mashapo.

*

Chidawali alikasirika kwa kucheleweshwa, lakini sheria aliyoitegemea ilimfunga na yeye. Akaketi kwenye kiti chake cha kukunja, akaweka saa. Hakuna aliyeondoka uwanjani. Wote walikaa wakinitazama, na mimi nilikaa na kichwa cha Tusekile mapajani, moyo umeshaanza kwenda mbio.

Bupe alikuja akakaa hatua chache kutoka kwangu, kama mtu anayeota moto wa jirani.

"Siku ya kwanza walileta sahani wakaiweka mlangoni," alisema. "Nikaitupa. Siku ya pili zikawa nne. Mama Gwakisa alileta nyama yake yote, dada, yeye na wanawe hawakula. Akaniambia, mpe mtoto apate nguvu, na yeye atoke nje kama wenzake. Alikuwa analia. Wangenitukana ningekataa. Ningejifungia, ningewatukana na mimi. Lakini walileta kwa upendo. Nikasema labda wewe umekosea. Labda kipande kimoja hakina neno."

"Ulimpa kimoja?"

"Aliomba kingine. Alikuwa na hamu ya choma." "Usipulize, dada."

"Bupe."

"Mimi nitambeba. Akianguka nitambeba. Nimezoea. Usipulize."

Nilimpenda na kumchukia, vyote kwa kipimo kimoja. Mkaguzi aliniita.

Nilimweka mtoto mikononi mwa mama yake. Mrija ulikuwa bado na harufu ya choma ya vinywa vya watu wengine. Nikapuliza mpaka mapafu yakaisha.

Nyekundu. Chidawali aliisoma namba, akaisoma tena, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Kisha akatangaza kwa sauti ya mafua kwamba kikomo cha dawa katika bonde la Ilundo, kuanzia kesho hadi kipimo kijacho, ni robo ya kile cha mwaka jana. Akaanza kukunja kiti.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningeshukuru kama wangepiga. Mzee Ambakisye alivaa kofia yake, akageuka kuitazama milima, mashamba yenye maua meupe hadi juu kwenye mawingu.

"Ukungu utakuja na masika," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Akaondoka akichechemea.

Watu walimfuata, familia kwa familia. Mama Gwakisa alipita karibu na sisi, akainama akaokota kikombe cha Tusekile, akakipangusa kwa nguo yake na kukiweka mezani kwa uangalifu, pasipo kuniangalia.

"Sasa tutakula nini, dada?" Bupe aliuliza.

Hakuwa ananilaumu. Alitaka kujua kweli, na mimi, mpimaji, mwenye kujua zamu ya kwanza na zamu ya pili, nilijikuta nahesabu maharage yaliyobaki ndani. Kahawa ilikuwa inanipiga masikioni. Nilijua sitalala leo, wala nyumbani hatutalala vizuri kwa muda mrefu ujao.

Nikamchukua Tusekile mgongoni. Alikuwa mzito. Tukapanda njia ya mlimani, Bupe nyuma, tukapita majiko ya mkaa yaliyokuwa yanazimwa kwa maji, moja baada ya jingine. Kwenye kila ua kulikuwa na watu. Nilisalimia ua wa kwanza, nikasalimia wa pili, kisha nikaacha.

Mtoto aliamka tulipofika kwenye kona ya juu. Akainua shingo, akatazama nyuma.

"Mama mkubwa, mbona hawatusalimii? Si nimefaulu?"

"Wewe umefaulu," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyefeli."